Gitaa Linapogoma Kando ya Ziwa: Dalili, Visababishi na Hatua za Kuchukua

Magitaa mengi ninayoletewa hapa Nyegezi, jijini Mwanza, huja katika vipindi viwili vya mwaka: masika yanapokolea, kati ya Machi na Mei, na mwishoni mwa kiangazi, Agosti na Septemba, hewa inapokuwa imekauka kwa wiki nyingi mfululizo. Wenyewe huja na malalamiko yaleyale, kwamba gitaa halishiki sauti, nyuzi zinagonga, vidole vinauma, au spika inavuma bila kukoma. Mimi si fundi wa kazi; natengeneza magitaa jioni kwa sababu nayapenda, na nimejiridhisha kwamba sehemu kubwa ya maradhi hayo chanzo chake ni hali ya hewa, nyuzi zilizofungwa vibaya, au mkono ulioanza kukata kabla ya kupima. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata dalili, na chini ya kila dalili nimetanguliza kisababishi ninachokutana nacho mara nyingi na hatua ambayo mtu anaweza kuirudisha nyuma akiona amekosea. Unga wa mfupa au wa mbao uliokwisha kutoka kwa tupa haurudi mahali pake.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Kizingiti ni kile kipande chembamba, aghalabu cheupe, kilichopo kati ya kichwa na shingo, chenye mifereji 6 ya kupitishia nyuzi. Daraja ni kipande cha mbao kilichogundishwa kwenye uso wa gitaa, na mfupa wa daraja ni ule ukanda uliosimama juu yake, hata kama siku hizi ni wa plastiki. Chuma cha shingo ni fimbo iliyofichwa ndani ya shingo ili kukabiliana na mvuto wa nyuzi. Freti ni vile vipande vyembamba vya chuma vilivyokatiza shingo, vinavyohesabiwa kuanzia kizingitini, na funguo ni zile za kichwani za kukazia na kulegezea nyuzi. Uzi wa 1 ni mwembamba kuliko zote, uzi wa 6 ni mnene kuliko zote.

Kabla ya kugusa chochote

Vifaa vinavyotosha ni rula yenye alama za nusu milimita, kalamu ya risasi, kitambaa safi cha pamba, bisibisi ndogo, alenki inayoingia sawasawa kwenye chuma cha shingo cha gitaa lako, na simu yenye programu ya kupimia sauti iliyowekwa kwenye hezi 440, kipimo cha kawaida cha sauti ya A. Tyuni gitaa kwanza, yaani kaza kila uzi hadi ufikie sauti yake, kwa sababu nyuzi za chuma za gitaa kavu (lisilo la umeme) la kawaida zikikazwa zote huvuta kwa nguvu ya takribani kilo 70, na shingo isiyovutwa hivyo haina umbo lake la kazi. Kupima gitaa lililolegezwa ni kujidanganya.

Kisha uliza swali ambalo wengi hulipita: je, nyuzi hizi ni za gitaa hili? Nyuzi za nailoni huvuta takribani kilo 40 tu, na gitaa lililoundwa kwa ajili yake halina mbavu za ndani za kustahimili chuma. Mengi hayana hata chuma cha shingo. Madukani mwetu seti inayopatikana ndiyo inayonunuliwa, na nimeona gitaa la nailoni lililofungwa nyuzi za chuma likapinda shingo na kutuna tumbo katika muda usiozidi miezi michache. Nimeona pia waya wa breki ya baiskeli ukiwa umefungwa mahali pa uzi wa 6. Ukikuta hali hiyo, legeza nyuzi zote leo hii, pole pole, kila uzi kidogo kidogo kwa zamu, na usiendelee na hatua nyingine yoyote hadi upate seti inayostahili.

Dalili ya kwanza: gitaa halishiki sauti

Kisababishi kinachoongoza ni ufungaji wa nyuzi. Uzi uliozungushwa mara moja tu kwenye nguzo ya ufunguo huteleza, na uliozungushwa mara 8 zikipandiana hujikaza upya kila unapopigwa. Mizunguko 2 au 3 inatosha, kila mmoja ukikaa chini ya uliotangulia. Uzi mpya nao hutanuka kwa siku ya kwanza na ya pili. Ushike karibu na freti ya 12, uvute juu kwa upole, utyuni tena, na urudie mara 3 au 4 hadi sauti iache kushuka.

Kisababishi cha pili ndicho ninachotaka kukikalia, kwa kuwa funguo ndizo husingiziwa kosa lake. Dada mmoja wa kwaya alikuja kutoka Igoma na gitaa ambalo lilikuwa limebadilishiwa funguo mara mbili, kwa gharama yake, na bado uzi wa 3 ulikuwa haukai. Nilimwomba augeuze ufunguo taratibu huku sikio langu likiwa karibu na kizingiti. Sindano ya programu haikusogea, haikusogea, kisha tukasikia mlio mdogo, tik, na sauti ikaruka juu kupita pale tulipoitaka. Mlio huo ni uzi ulionaswa kwenye mfereji wa kizingiti ukijinasua kwa ghafla. Seti yake ya kwanza ilikuwa na nyuzi nyembamba, mpya ilikuwa nene kidogo, na mfereji haukujua habari za mabadiliko hayo. Nilitoa uzi kwenye mfereji, nikasugua kalamu ya risasi laini ndani yake hadi ukawa mweusi wa kung'aa, nikaurudisha uzi, na tatizo likaisha kwa robo tatu. Robo iliyobaki ilihitaji kukunja kipande cha msasa mwororo, namba 600, juu ya kipande cha uzi wa zamani wenye unene uleule, na kupitisha mara 3 tu, nikisugua kuta za pembeni bila kugusa sakafu ya mfereji. Ukigusa sakafu unauteremsha uzi, na hapo unakuwa umejinunulia dalili ya pili iliyoelezwa hapa chini. Anza na kalamu ya risasi kila mara. Msasa uje baada ya kalamu kushindwa.

Kisababishi cha tatu ni skrubu za funguo zilizolegea, na hizo hukazwa kwa vidole na bisibisi ndogo bila kutumia nguvu. Kisha kuna joto. Nyumba ya mabati isiyo na dari hupata joto kali mchana, na gitaa lililotundikwa ukutani humo likipelekwa jioni mahali penye upepo wa ziwani litabadilika sauti lenyewe. Liache lipumzike dakika 20 katika hewa mpya, ndipo utyuni. Nyuzi zilizoshika kutu nazo hazishiki sauti, na huku kwetu kutu huja haraka kwa sababu ya unyevu na jasho. Kuzipangusa kwa kitambaa kikavu baada ya kila kupiga, juu na chini ya kila uzi, huzirefushia maisha kuliko dawa yoyote ninayoijua.

Ikiwa nyuzi zote 6 zinashuka pamoja siku baada ya siku, ingawa ni za zamani na zimefungwa vizuri, acha kutyuni. Kuna mbao inayosogea, na maelezo yake yako kwenye dalili ya tano.

Dalili ya pili: nyuzi zinagonga freti

Mlio huu wafananishwa na inzi aliyenaswa chupani. Usianze kwa kukaza wala kulegeza. Anza kwa kuandika. Chukua karatasi, piga kila uzi ukiwa wazi, kisha kwenye kila freti kutoka ya 1 hadi ya 15, na weka alama pale unapogonga. Kazi hiyo huchukua dakika 10, na karatasi hiyo ndiyo itakayokuonyesha chanzo.

Alama zikijaa kati ya freti ya 1 na ya 5, na hasa ikiwa ni kiangazi, shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kwa nyuma. Mbao hunywa unyevu na kuurudisha. Gitaa kavu hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na hewa ikikauka uso wa gitaa hushuka, nyuzi zikashuka nao. Pitisha kiganja kwenye ukingo wa shingo: ncha za freti zikikukwaruza kama meno ya msumeno, mbao ya shingo imesinyaa. Tiba ya kwanza ni kulirudisha gitaa kwenye begi lake pamoja na kisahani cha sabuni chenye sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa sana, kilichotobolewa matundu juu, na kusubiri siku 3 au 4. Nimeona magitaa yaliyopona kwa sponji peke yake. Wakati wa masika fanya kinyume chake: weka vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Ikiwa siku 4 zimepita na alama ziko palepale, pima mpindo wa shingo. Bonyeza uzi wa 6 kwenye freti ya 1 na kwenye freti inayokutana na sanduku, kwa kawaida ya 14, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 7. Inatakiwa iwe kati ya milimita 0.15 na 0.30. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa takribani milimita 0.1, kwa hiyo karatasi 2 zipite bila kuusukuma uzi. Aliye na rafiki fundi wa pikipiki aazime vibamba vya kupimia nafasi ya valvu. Vinafanya kazi hii kwa usahihi mkubwa zaidi. Nafasi isipokuwepo kabisa, legeza chuma cha shingo kwa robo mzunguko kuelekea kushoto, tyuni upya, subiri hadi kesho, upime tena. Nafasi ikizidi, kaza robo mzunguko kuelekea kulia kwa utaratibu huohuo.

Hapa pana onyo ambalo naliandika kwa uchungu, kwa kuwa gitaa langu la kwanza liliharibikia hapa mikononi mwangu. Alenki ikikataa kugeuka, usiiongezee bomba la kurefusha mpini, usiipige, wala usiazime mkono wenye nguvu kuliko wako. Chuma kikikatika ndani ya shingo, kukitoa kunadai kung'oa ubao wote wa freti. Alenki ikikwama, ikizunguka bila kushika, au ukiwa umekwisha kugeuza mzunguko mmoja kamili bila badiliko, kazi imekuwa ya fundi wa magitaa.

Alama zikiwa kwenye nyuzi zilizo wazi tu, na kila freti ikiwa safi, mifereji ya kizingiti imekuwa mirefu kwenda chini. Zikiwa juu ya freti ya 12 peke yake, mfupa wa daraja umeshushwa mno au sehemu ya mwisho ya shingo imeinuka. Na ikiwa ni freti moja tu inayosumbua kwa nyuzi mbili tatu jirani, freti iliyo mbele yake, upande wa daraja, imenyanyuka. Weka ukingo ulionyooka wa kadi ngumu juu ya freti 3 zinazofuatana, ile inayoshukiwa ikiwa katikati. Kadi ikicheza kama kigoda kibovu, umeipata. Freti iliyochomoka kidogo yaweza kurudishwa kwa kugongwa taratibu juu ya kipande cha mbao laini, lakini kuzisawazisha freti zote kwa tupa usijaribu kwenye gitaa unalolipenda.

Ikiwa karatasi yako haina mpangilio wowote, kagua vitu vidogo: nati ya ufunguo iliyolegea, ncha ya uzi inayogusa kichwa, betri inayocheza ndani ya sanduku. Niliwahi kutumia jioni nzima nikipima shingo, kumbe kilichokuwa kikilia ni skrubu ya mkanda.

Dalili ya tatu: nyuzi ziko juu na vidole vinauma

Pima kwa rula juu ya freti ya 12, uzi ukiwa wazi. Kwa gitaa kavu la nyuzi za chuma, milimita 2 hadi 2.5 kwa uzi wa 6 na milimita 1.5 hadi 2 kwa uzi wa 1 ni vipimo vya raha. Magitaa ya bei nafuu mara nyingi hutoka dukani yakiwa na milimita 4, na kijana anayejifunza huamini kwamba vidole vyake ndivyo vibovu. Wengi huacha gitaa wakiwa katika imani hiyo, jambo linalonisikitisha kuliko shingo iliyovunjika.

Kagua kwa mpangilio huu. Mpindo wa shingo uwe umekwisha kurekebishwa kama ilivyoelezwa juu. Kisha kizingiti: bonyeza uzi kwenye freti ya 3 na tazama juu ya freti ya 1, nafasi iwe ya unywele. Ikionekana wazi kwa macho, mifereji iko juu, na hiyo ndiyo sababu kodi ya F (nyuzi kadhaa zikibonyezwa kwa pamoja) inauma kuliko nyingine zote. Mwisho ni mfupa wa daraja, ambao hesabu yake ni kwamba ili uzi ushuke kwa nusu milimita kwenye freti ya 12, mfupa upunguzwe milimita 1 nzima. Chomoa mfupa, weka alama kwa kalamu ya risasi, usugue upande wa chini kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo, na urudishe ukapime kabla hujafikia alama. Mfupa ukibaki chini ya milimita 2 juu ya daraja na nyuzi bado ziko juu, tatizo ni pembe ya shingo. Acha hapo, maana kuing'oa shingo na kuirudisha ni kazi ya fundi aliyebobea.

Mtu aliyepunguza kupita kiasi asikate tamaa, kwa sababu Mwanza hatupungukiwi na ng'ombe. Muundi wa ng'ombe kutoka buchani, ukichemshwa kwa maji ya sabuni hadi mafuta yaishe, ukakwanguliwa na kukaushwa kivulini kwa wiki 2 au zaidi, hutoa kizingiti na mfupa wa daraja ulio bora kuliko plastiki iliyokuja na gitaa. Kata kwa msumeno wa chuma na umalizie kwa tupa na msasa, ukiwa nje na ukiwa umevaa barakoa, kwani vumbi la mfupa halifai kifuani. Kipande kikiwa tayari huwa na rangi ya maziwa yaliyoganda, na ukikidondosha mezani hulia kama kigae wakati plastiki hulia bubu.

Dalili ya nne: wazi ni sahihi, juu ya shingo si sahihi

Badilisha nyuzi kwanza, kwa kuwa uzi mchakavu au uliopinda hauwezi kuwa sahihi popote. Kisha linganisha sauti ya kengele itokayo ukiugusa tu uzi juu ya freti ya 12 na sauti itokayo ukiubonyeza hapohapo. Iliyobonyezwa ikiwa imepanda, kijidaraja cha uzi huo, yaani kipande kidogo kinachoubeba darajani, kisogezwe mbali na shingo. Ikiwa imeshuka, kisogezwe karibu. Kwenye gitaa la umeme ni kazi ya bisibisi. Wapigaji wa benga wa ukanda huu wa ziwa, alikotoka D. O. Misiani wa Shirati, mkoani Mara, hupiga solo nyembamba za juu ya shingo, na kwa mtindo huo kasoro ambayo mpiga ridhimu hataisikia huwa bayana.

Dalili ya tano: mbao imeachia au imepasuka

Ingiza ncha ya karatasi nyuma ya daraja. Ikiingia zaidi ya milimita 1, gundi imeachia. Legeza nyuzi siku hiyohiyo. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani ndilo linaloongoza kwa kosa hili. Ufa unaofuata nyuzinyuzi za mbao na usiofunguka ukiukandamiza waweza kusubiri, lakini uuoneshe kwa fundi.

Kichwa kilichovunjika baada ya gitaa kuanguka hutengenezeka mara nyingi, kwa sharti kwamba mwenyewe hajamwaga gundi ya haraka. Gundi hiyo huziba vinyweleo vya mbao na kuzuia gundi ya kazi isishike. Nayo gundi nyeupe ya maremala husogea polepole ikibeba mvuto katika joto, hivyo kichwa kitarudi kuinama. Usiunganishe na kutenganisha ili kuona panavyokaa. Kusanya vibanzi vyote, funga kwa kitambaa, na upeleke kwa fundi.

Dalili ya sita: gitaa la umeme linakwaruza, linakatika au linavuma

Badilisha kebo kabla ya lolote. Kama gitaa kavu lenye pikapu (kinasa sauti cha umeme) limeanza kutoa sauti iliyopasuka, badilisha betri ya volti 9, na ujizoeze kuchomoa kebo ukimaliza, kwa sababu jeki ikiwa ndani betri inaendelea kuliwa. Mkwaruzo unaosikika unapozungusha volyumu ni vumbi. Izungushe mwanzo hadi mwisho mara 30 umeme ukiwa umezimwa, kisha tumia dawa ya kunyunyizia ya kusafishia viungo vya umeme. Sauti inayokatika ukitikisa jeki inatokana na bati la soketi lililolegea au waya uliong'oka, na waya huo hurudishwa kwa risasi ya kulehemu na fundi redio yeyote makini.

Mvumo ukipungua unapogusa nyuzi, kinga ya gitaa dhidi ya kelele za umeme ni hafifu, jambo la kawaida kwa pikapu za koili moja. Lakini ukihisi kuchomwachomwa vidoleni, au midomo ikipigwa ukikaribia maikrofoni, hilo si suala la sauti tena. Weka gitaa chini, chomoa amplifaya ukutani, kisha umwite fundi umeme akague ethi ya jengo na ya jenereta. Usiruhusu mtu yeyote akate pini ya ethi kwenye plagi ili mvumo uishe. Nyuzi zimeunganishwa na ethi ya amplifaya, na umeme wa volti 230 ukivuja na kukosa njia hiyo unaweza kupita kwa mpigaji. Wala usifungue amplifaya ya taa za kioo, hata ikiwa imechomolewa tangu jana, kwa sababu kapasita zake huweza kubaki na volti mamia. Mweleze fundi mvumo ulianza lini, kifaa gani kingine kilikuwa kimechomekwa kwenye ekstensheni ileile, na kama umeme ulikatika na kurudi siku hiyo.